Adapta ya Kinanda

Vaileth alikuwa na sheria moja katika duka lake la ufundi pale Mikumi, na aliishika kuliko nyingine zote: fundi hagusi kitu cha ndugu yake. Simu ya mumewe Filipo ilipokufa, aliipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara kuu, akasubiri kwenye benchi kama mteja mwingine yeyote. Watu wakamcheka mpaka wakachoka. Yeye alikuwa akiwaambia kwamba mkono wenye hofu huteleza, na kwenye bodi yenye vitu vidogo kama punje za ulezi, kuteleza mara moja kunatosha. Maneno ya maana kabisa, hakuna wa kuyapinga. Ila ngoja uone ilivyokuwa siku ile kaka yake alipokuja.

Yared aliteremka kwenye gari la kutoka Kilosa amekumbatia kifurushi kilichofungwa ndani ya joho la kwaya. Alikuwa amepita njia ya kijiji cha Ulaya, vumbi limempaka mpaka kope, lakini joho lenyewe halikuwa na doa. Hildegarda, jirani anayekaanga vitumbua mbele ya duka, alikuwa amembeba mtoto wa Vaileth mgongoni ili mama mtu afanye kazi. Alimtazama yule mgeni mara moja tu, akamsogezea kigoda bila kuuliza.

"Shikamoo, kaka," Vaileth alisema. Macho hakuyainua kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Salamu ikaishia hapo. Jamani, watu waliotoka tumbo moja, wawili tu duniani, hawajaonana tangu masika, na wanasalimiana kama wamekutana kwenye foleni ya kupimiwa sukari.

Chanzo chake ni hiki. Mama yao, Rebeka, alifariki kule juu Lumuma wakati wa mvua kubwa. Vaileth alikuwa hospitali, amejifungua kwa upasuaji, na daktari alikataa katakata asiguse gari. Alipiga simu akaomba wamsubiri. Hawakumsubiri, kesho yake wakazika. Jioni ya mazishi Yared akampigia, sauti imemkauka, akasema asiwe na wasiwasi, amemrekodia kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Vaileth akamjibu, "Mama yangu hakuwa bibi harusi," akakata simu.

Tumtendee haki kila mtu. Kule juu hakuna mochwari, barabara ilikuwa inakatika, na waliokata shauri ni wazee wa ukoo, si Yared. Vaileth aliyajua yote hayo na kuyajua hakukumsaidia kitu. Kilichomchoma ni ile picha ya kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama, akizunguka kaburi na kamera kama yuko ukumbini. Binamu zao waliposhuka kumwona mzazi walimmaliza kabisa. Walisema Yared hakutoa hata chozi moja, na Lumuma nzima ilimwona.

Basi akanuna. Aliombwa mara ngapi sijui aje aitazame ile video, na kila mara alisema ana kazi. Mtoto akapewa jina la bibi yake, Rebeka, akakua, akaanza kukaa, akaanza kucheka. Na kila mtoto alipochemka mwili, Vaileth alijikuta ameshika simu anatafuta namba ya mama yake amuulize la kufanya. Kidole kinafika kwenye jina ndipo anakumbuka. Mara ya kwanza alilia. Baadaye aliogopa, maana aliona kwamba kichwani mwake mama bado yuko Lumuma anapalilia vitunguu, na atakuwa huko siku zote kama hatamwona akizikwa. Ndipo akatuma ujumbe mfupi kwa Yared: Niletee ile video.

Sasa Yared ndiye huyu hapa, na hakuwa na uso wa mtu aliyeleta video.

"Imeungua," alisema.

Vaileth aliweka bisibisi chini.

"Nini imeungua?"

Yared akalifungua joho. Ndani mlikuwa na diski kubwa nyeusi ya kuhifadhia video, zile ambazo vijana wa kompyuta huziita eksteno, pamoja na adapta mbili. Diski ilikuwa mali ya kwaya ya kanisa lao Kilosa, na Yared ndiye mtu wa vyombo vya kwaya: kamera, spika, nyaya, vyote viko chini yake. Video ya Lumuma ilikuwa humo. Alipopata ujumbe wa dada yake alikimbilia chumba cha kwaya ainakili siku hiyo hiyo. Adapta ya diski haikuwepo, vijana wa muziki walikuwa wameiazima na hawakuirudisha mpaka kesho yake. Iliyokuwepo ni ya kinanda.

"Kichwa chake kinaingia vizuri kabisa," Yared alisema, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza. "Hata hakilegei."

"Kuingia kinaingia," Vaileth alisema. "Vinanda vingine chanya yake iko nje na hasi iko ndani. Diski ni kinyume. Umeipelekea umeme kwa mgongo."

"Mimi niliangalia tundu tu."

"Moshi ulitoka?"

"Hapana. Ilisema ta, mara moja. Halafu harufu."

"Na kwenye kamera?"

Yared alikuwa akitazama viatu vyake. "Kamera nilishaifuta. Kulikuwa na kipaimara, nafasi ilikuwa haitoshi. Nilijua diski ipo."

Vaileth angemtukana, angalau angepumua. Lakini lawama iliyomjia haikuwa ya Yared, ilikuwa yake mwenyewe: miezi yote ile diski ilikuwa nzima, inamngoja mezani Kilosa, yeye amenuna huku Mikumi. Kosa la adapta lilikuwa la kaka. Kuchelewa kulikuwa kwake, na hapakuwa na wa kumsukumia.

"Ipeleke Morogoro," alisema hatimaye. "Mimi sishiki vitu vya ndugu."

Yared akaanza kulikunja joho polepole, akiirudisha diski ndani, bila kubisha. Ule utiifu ndio uliomshinda Vaileth. Kichwani aliiona diski kwenye kaunta ya mtu asiyemjua, kati ya simu zilizopasuka vioo, kijana anaichokonoa huku anaongea na mchumba wake kwenye simu.

"Lete hapa," alisema.

"Na ile sheria yako?" Hildegarda aliuliza kutoka kwenye karai lake, huku akigeuza kitumbua. Masikio ya mama yule hayakuwa na likizo.

"Mama Hilda, vitumbua vinaungua."

Akafunga duka nusu mlango. Alianza na lile lililo rahisi, kama alivyofundishwa, kwa sababu mafundi wengi huharibu kwa kukimbilia lililo gumu. Alipima adapta ya kweli ya diski kwa mita yake: volti kumi na mbili, nzima. Akaichomeka kwenye diski. Taa ndogo ya adapta ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, na diski ikakaa kimya. Akachomoa haraka.

"Inamaanisha nini?" Yared aliuliza.

"Kuna shoti ndani. Adapta inaona umeme unakimbia wote bila kufanya kazi, inajikata isife." Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Hiyo si habari mbaya. Ingekaa kimya kabisa ningeogopa zaidi."

Alifungua ganda la plastiki kwa kipande cha kadi, taratibu, kulia kisha kushoto. Ndani diski ilikuwa imeungwa na kipande kidogo cha bodi kinachopokea umeme na waya wa kompyuta. Alikitenga, akakipa umeme peke yake, na taa yake ikawaka bila kupepesa. Hicho kilikuwa kimepona. Ubaya basi ulikuwa kwenye bodi ya diski yenyewe, ile ya kijani iliyobanwa mgongoni mwake.

Akatafuta bisibisi ya nyota, akatoa skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Yared alikuwa amesogea mpaka pumzi yake inamfikia shingoni.

"Kaka, kaa."

Yared akakaa.

Bodi ilipogeuzwa, haikuwa na alama yoyote ya kuungua. Hapo ndipo mtu asiyejua hufurahi. Vaileth aliiweka mita kwenye mlio, ncha moja akaiweka kwenye hasi, nyingine kwenye njia ya volti tano. Kimya, na ndivyo inavyotakiwa. Akahamia njia ya volti kumi na mbili. Mita ikalia, mlio mrefu usiokatika, mpaka Hildegarda akageuka kule nje.

"Ndiyo hiyo," alisema Vaileth.

Kilichobaki kilikuwa kujua ni nani anayelia. Njia ile ilikuwa na mambo mawili yanayoweza kupiga shoti. La kwanza ni diodi ya ulinzi, kidude cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, kimekaa mlangoni pa umeme. Kazi yake ni moja: umeme mbaya ukiingia, kinajitoa chenyewe kife, walio nyuma yake wasiguswe. La pili ni chipu ya mota, hiyo mraba katikati, inayoizungusha diski. Ikiwa ni diodi, unaing'oa na maisha yanaendelea. Ikiwa ni chipu, bodi imekufa. Na huwezi kuchukua bodi ya diski nyingine ukaibandika tu, kwa sababu kila bodi ina kumbukumbu ndogo inayoijua diski yake peke yake. Hilo ni jambo la mafundi wenye mashine ambazo Vaileth hakuwa nazo, na kwa uzee wa diski ile hata wao wangeweza kushindwa.

Na kwa mita tu huwezi kuwatofautisha. Wameshikana waya mmoja, akilia mmoja wamelia wote. Lazima umwondoe mmoja usikilize.

Vaileth aliwasha blowa ya kupulizia hewa ya moto, ipate joto. Akauangalia mkono wake. Ulikuwa unatetemeka, kidogo, lakini ulikuwa unatetemeka. Akaizima tena.

"Kwa nini hamkunisubiri?" aliuliza. Hakuwa amepanga kuuliza. Lilimtoka tu.

Malori mawili yalipita barabarani, vioo vya duka vikatikisika, vikatulia.

"Baba mdogo alisema maji yakipanda kule darajani hakuna atakayepita, wala mchungaji. Nilimwomba siku moja tu. Nilimpigia magoti, Vaileth, mbele za watu. Akasema marehemu hasubirishwi."

"Hukuniambia hilo."

"Ulikuwa umekata simu."

Lilikuwa jibu la kweli, halina chumvi wala pilipili, na kwa sababu hiyo lilimwingia. Alishika ukingo wa meza, akavuta pumzi, akaitoa, mpaka alipoona vidole vimemtii. Kisha akaiwasha blowa tena.

Akazifunika sehemu za jirani kwa utepe usioungua, akaishika diodi kwa kibano, akaipulizia moto kwa kuzungusha, asiukazie mahali pamoja. Risasi iliyoigandisha kwenye bodi ikang'aa, ikalegea. Diodi ikanyanyuka bila kung'ang'ania. Akaiweka pembeni, akasubiri bodi ipoe, na kule kusubiri kulikuwa kurefu kuliko safari ya Kilosa.

Akaweka ncha za mita palepale. Yared alikuwa amefumba macho.

Mita haikulia.

Akapima mara nyingine, asiamini. Akaigusanisha mita ncha kwa ncha kuhakikisha haijafa yenyewe; ikalia. Akarudi kwenye bodi. Kimya.

"Ni diodi," alisema. "Chipu haina shoti. Diodi imeubeba mzigo wote."

"Imepona?"

"Bado. Kwa upande huo imepona."

Hakutaka kuiacha diski bila mlinzi, japo wengi huiacha hivyo na inafanya kazi. Kwenye boksi la mizoga alikuwa na bodi ya diski nyingine iliyokufa kwa kuanguka. Akaing'oa diodi yake, akaipima, akaisimika mahali pa ile iliyokufa, akihakikisha mstari wake umeelekea upande uleule. Akasugua kwa kifutio cha penseli zile sahani za shaba zinazogusana na mota, maana zilikuwa zimeanza kuingia weusi. Halafu akaipa bodi umeme ikiwa peke yake, kupitia balbu ya indiketa ya pikipiki. Kama shoti ingekuwepo, balbu ingewaka kwa nguvu. Ilibaki giza.

Skrubu zikarudi. Akaunganisha waya wa kompyuta. Adapta ya kweli aliichomeka mwenyewe, na ile ya kinanda aliitupia chini ya meza kwa mguu.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ukaja mvumo mdogo, ukapanda, ukapanda, ukatulia. Ndani ya mvumo ule kukasikika tikitiki za kichwa cha kusomea kinachotafuta mahali pake. Kwenye kioo cha kompyuta kikajitokeza kijipicha cha diski, kina jina la kwaya.

Yared alisema "Asante Bwana" kwa sauti ya chini, akainamisha kichwa. Vaileth alikuwa tayari ananakili. Hakufungua chochote, hakugusa chochote, mpaka video ya Lumuma ilipofika nzima kwenye kompyuta yake, na nyingine kwenye kadi ya simu.

"Sasa," alisema.

"Mimi nitakuwa nje na mtoto," Yared alisema. Akatoka, akampokea Rebeka kutoka mgongoni kwa Hildegarda, akakaa naye kwenye kigoda akimchezesha funguo.

Vaileth akabonyeza.

Mvua ilikuwa imekatika muda huo, mlima umelowa, udongo mwekundu umejazana kwenye viatu vya watu. Nyuma yao kulionekana majaruba ya vitunguu ya mama yake, na mtu alikuwa ameyakanyaga. Jeneza lilipita karibu sana na kamera. Vaileth alijishika mdomo. Likashuka, kamba zikatolewa, na hapo kitu ndani yake kilichokuwa kimesimama tangu masika kikakaa chini. Mama amekufa. Alilia bila kuificha sauti, na Hildegarda kule nje, ambaye huuliza kila kitu, hakuuliza.

Picha ilikuwa imetulia mno. Haikuzunguka kaburi kama alivyokuwa akiiona kichwani mwake. Ilisimama mahali pamoja, pale ambapo yeye angesimama kama angekuwepo, kwenye mstari wa watoto.

Mchungaji akaita wafiwa watupe udongo. Akaanza baba mdogo, wakafuata shangazi. Kisha mchungaji akasoma, "Watoto wa marehemu. Yared, mtoto wa kwanza."

Kamera haikusogea.

"Yared," mchungaji akaita tena. "Njoo, mwanangu, umuage mama."

Watu wote wakageuka. Nyuso za Lumuma nzima zikaangalia moja kwa moja ndani ya kioo, zikimtazama Vaileth. Na karibu kabisa, karibu kuliko sauti zote, ikasikika sauti ya mtu anayeongea na meno ameyabana.

"Endeleeni, Mchungaji. Nikiiweka chini, Vaileth hataona."

"Mpe mtu akushikie, mwanangu."

"Hapana. Itatikisika."

Mtu akaguna pembeni. Mchungaji akasubiri, akatazama mvua iliyokuwa inarudi, akawapa ishara vijana wa sepetu. Udongo ukaanza kuingia. Picha ikatetemeka mara moja, ikarudi ikatulia, na kuanzia hapo kilichosikika zaidi ya kwaya ni pumzi ya Yared, anaivuta, anaizuia, anaiachia kidogo kidogo kupitia puani, mpaka kaburi lilipojaa.

Vaileth alibaki ameketi hata baada ya kioo kuwa cheusi. Kisha akatoka nje.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara. Yared alimtazama usoni, akajua amefika wapi, akamgeukia mtoto.

"Imetoka vizuri?" aliuliza. "Nilikuwa naogopa ukungu wa kwenye kioo."

"Kaka, hukumtupia mama udongo."

"Nilikuwa na kazi mkononi."

"Hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye uliyekuwa hupo."

Vaileth akachutama mbele yake. Akamchukua Rebeka kutoka mapajani mwake, akamrudisha kwa Hildegarda, akazichukua na zile funguo. Yared akabaki amekaa, viganja vimeangalia juu, kama hajui pa kuviweka. Akavitazama. Mdomo ukaanza kumcheza, akajaribu kuvuta pumzi aizuie kama alivyoizuia kule mlimani, ikamshinda. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, magari yanapita, watu wanageuka, na safari hii hapakuwa na kitu mikononi mwake kilichotakiwa kutulia.